Nchi ya Mpakani: Frere Town na Usomaji wa *Uhuru wa Watumwa*

Utangulizi

Katika masomo ya fasihi ya Kiswahili, Frere Town hutajwa mara moja na kupitwa upesi. Hutajwa kwa sababu ya James Mbotela na kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kilichochapishwa London mwaka 1934. Baada ya hapo mjadala huhamia kwenye maswali mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni la utanzu: je, kitabu hicho ni riwaya, na kama ni riwaya, ndiyo ya kwanza katika Kiswahili? La pili ni la itikadi: je, mwandishi aliyewasifu Waingereza kiasi kile alikuwa msemaji wa nani? Swali la kwanza limekwisha kujadiliwa hata likachosha. Makala haya yanashughulika na la pili, na yanashikilia kwamba haliwezi kujibiwa kwa haki kabla ya kufahamu Frere Town ilikuwa nchi ya namna gani.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba Frere Town, kuanzia mwaka 1875 hadi takriban 1907, ilikuwa nchi ya mpakani. Haikuwa kijiji cha kawaida wala koloni kamili. Ilikuwa kipande cha ardhi kilichopata maana yake kutokana na mpaka uliopita juu yake, na mpaka ulipoondolewa maana hiyo nayo iliondoka. *Uhuru wa Watumwa* ni kitabu cha mtu wa nchi hiyo.

Dhana ya nchi ya mpakani

Neno *mpaka*, kama lilivyo katika matumizi ya kila siku, humfanya mtu afikirie mstari: jiwe limesimamishwa hapa, jingine pale, na kati yao ni kamba. Wanahistoria wa Ulaya ya zama za kati wanatufundisha kuifikiria dhana hii kwa namna nyingine. Kwa Wajerumani wa karne ya 10, *Mark* haikuwa mstari bali nchi nzima, yenye upana wake, watu wake na mtawala wake wa kijeshi, iliyowekwa ili kutenganisha dola na watu wasiotawaliwa nayo.

Mfano ulio wazi ni ule wa mashariki ya mito ya Saale na Elbe, walikokaa Waslavi. Mwaka 937 Mfalme Otto wa Kwanza alimpa Gero jukumu la kuulinda upande huo. Gero alipokufa mwaka 965, eneo lake lilikatwa vipande, na kila kipande kikapata mtawala wake. Vipande vidogo kama Merseburg na Zeitz havikuishi hata miaka ishirini. Mwanzoni mwa miaka ya 980 vilikuwa vimekwisha kumezwa na jirani yao Meissen. Upande wa kaskazini mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa watawala: mwaka 983 Waslavi waliasi, wakayavamia makao ya maaskofu ya Havelberg na Brandenburg.

Nchi hizo zilikufa, lakini si kila kitu chake kilikufa. Uaskofu uliowekwa Zeitz na Meissen mwaka 968 uliendelea baada ya mamlaka ya kijeshi kufutika, ingawa ule wa Zeitz ulihamishiwa Naumburg katika karne ya 11. Majina ya mahali yalibaki ya Kislavi vinywani mwa Wajerumani. Jina la Leipzig lenyewe huelezwa kuwa limetokana na neno la Kislavi la mti. Na Wasorbi, wazawa wa Waslavi wa huko, wangali wakizungumza lugha yao mashariki mwa Ujerumani hadi leo.

Kuna jambo moja zaidi katika mfano huu, nalo ndilo linalouleta karibu na Kisauni. Mipaka ile ilikuwa pia mahali pa kuvuna watu. Mateka wa Kislavi waliuzwa magharibi na kusini, wengine wakafika hadi Andalusi, ambako Waarabu waliwaita Saqaliba. Biashara hiyo ilienea kiasi kwamba jina la taifa likageuka kuwa jina la hali: *Sklave* ya Kijerumani na *slave* ya Kiingereza yote yametokana na jina la Waslavi. Kiswahili hakikufuata njia hiyo. *Mtumwa* ni yule anayetumwa. Neno limeundwa kutokana na kitenzi katika kauli ya kutendwa, nalo linataja kazi, si asili. Lakini asili nayo ilikuwa na msamiati wake, kama itakavyoonekana.

Kisauni chini ya mabwana wengi

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alifika Zanzibar kumshawishi Sultani Barghash bin Said akomeshe biashara ya watumwa. Mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni mwaka huohuo. Masoko ya watumwa yalifungwa na kuwasafirisha kwa bahari kukapigwa marufuku. Mwaka 1876 Sultani alipiga marufuku pia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Ni muhimu kuangalia kwa makini kile ambacho mkataba haukukataza: haukukataza kumiliki mtumwa. Mtu aliyenaswa na manowari ya Waingereza akiwa ndani ya jahazi alihesabiwa kuwa huru. Mtu aliyekuwa akilima shamba la tajiri wa Mombasa, hata kama alipita njia ileile miaka mitatu kabla, alibaki kuwa mali ya tajiri huyo, na sheria ya nchi ilimtambua hivyo.

Manowari zilipoanza kuwanasa watu kwa mamia, palitokea swali la mahali pa kuwaweka. Chama cha Kimisionari cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilimtuma William Salter Price, ambaye alikuwa amekwisha kufanya kazi kama hiyo India, huko Nasik. Price alifika Mombasa mwishoni mwa 1874, na mwaka uliofuata ardhi ikanunuliwa Kisauni, bara, mkabala na kisiwa cha Mvita. Makazi hayo yalipewa jina la Frere.

Tazama basi ramani ya mamlaka mahali hapo. Enzi ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, na liwali wake alikaa Mombasa, mwendo wa mtumbwi mmoja kutoka Frere Town. Mashamba ya jirani yalikuwa ya Waarabu na Waswahili wenye watumwa. Nyuma yake ilikuwa nchi ya Wamijikenda, ambako CMS ilikuwa na kituo chake cha Rabai tangu siku za Krapf na Rebmann. Na ndani ya makazi yenyewe aliyetoa amri alikuwa msimamizi wa misheni, ambaye hakuwa na cheo chochote cha dola, si cha Sultani wala cha Malkia. Hata hivyo makazi yalikuwa na utaratibu wake wa kuhukumu, kufunga na kuadhibu. Huo ndio utawala wa mpakani: yupo anayeamuru, lakini hakuna anayeweza kueleza bila kusitasita kwamba anaamuru kwa idhini ya nani.

Hatari ya hali hiyo ilidhihirika mapema. Habari kwamba ng'ambo ya mkono wa bahari kuna mahali ambapo mtu mweusi hana bwana haikuweza kufichwa. Watumwa wa mashambani walianza kutoroka. Mwaka 1880 hasira ya wenye watumwa wa Mombasa ilifikia kiasi cha kutishia kuyavamia makazi. Katika miaka hiyohiyo msimamizi wake, J. R. Streeter, alilaumiwa kwa kuwachapa viboko vikali na kuwafunga watu waliokuwa chini ya ulinzi wake, na Price akalazimika kurudi kuyatengeneza mambo. Mambo haya mawili husimuliwa mbali mbali, moja kama ushujaa na jingine kama aibu. Yafaa yasimuliwe pamoja. Yote mawili yalizaliwa na jambo moja: palikuwa na mamlaka yasiyo na msingi wa kisheria, nayo yalijilinda kwa nguvu kuelekea nje na kuelekea ndani.

Watu na majina yao

Wakazi wa kwanza hawakuwa wa namna moja, na Kiswahili cha wakati huo kilijua kuwatofautisha. Walioshushwa kutoka manowarini waliitwa *mateka*. Neno hili lina kinaya chake. *Mateka* ni watu waliotekwa vitani. Sasa walioitwa hivyo ni watu waliokwisha kutekwa bara mara ya kwanza, kisha wakatekwa tena baharini na wale waliowaweka huru. Lugha ya pwani haikuona haja ya kubadilisha jina kwa sababu tu aliyeteka amebadilika.

Kundi la pili ni la wale waliotoka India, walioitwa kwa jina la Bombay. Hao walikuwa Waafrika waliookolewa utotoni, wakalelewa na kusomeshwa Nasik, wakarudishwa Afrika wakiwa mafundi, walimu na wakalimani. William Jones, George David na Ishmael Semler walikuwa Rabai tangu miaka ya 1860, kabla Frere Town haijakuwapo. Jones na Semler walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885, mwaka uleule askofu huyo alipouawa Busoga. Historia nyingi za misheni huandikwa kana kwamba Wazungu ndio waliofanya kazi na hawa wakawa wasaidizi. Kwa miaka mingi hali ilikuwa kinyume: Mzungu aliugua, akaenda likizo au akafa, na kituo kikabaki mikononi mwa Jones au David.

Kundi la tatu ni *watoro*. Hao hawakuokolewa na mtu. Walijiokoa wenyewe kwa miguu yao. Kwa sheria ya nchi walikuwa mali iliyopotea, na kwa mkataba wa 1873 hawakuwa na haki yoyote. Wengi walikimbilia Rabai kuliko Frere Town, kwa kuwa Rabai ilikuwa mbali kidogo na macho ya Mombasa. Wengine hawakutaka misheni yoyote. Katika nchi ya Wagiriama walianzisha makazi yao ya Fuladoyo, yaliyoongozwa na Mkristo wa Kigiriama, David Koi, hadi alipouawa mwaka 1883 katika shambulio la wenye watumwa. Fuladoyo inastahili makala yake peke yake. Hapa inatosha kusema kwamba ilikuwa nchi ya mpakani isiyo na bwana kutoka ng'ambo, na kwamba haikuacha kitabu. Frere Town iliacha.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipopata hati yake ya kifalme na kutaka kuitumia Mombasa kama lango lake, suala la watoro lilikuwa limeiva. George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni, aliona kwamba biashara haiwezi kuanza huku matajiri wa mji wakidai watu wao. Aliamua kuwalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye vituo vya misheni walitangazwa kuwa huru na kupewa hati. Tendo hilo lilisifiwa sana, na kwa mtu aliyeshika hati hiyo mkononi lilikuwa kubwa kweli. Lakini lilikiri jambo moja: kwamba waliolipwa walikuwa wamiliki halali. Mtoro aliyekwisha kujipatia uhuru wake miaka mitano nyuma aliambiwa sasa kwamba amenunuliwa.

Mpaka ulianza kufutika baada ya hapo. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki, na kwa makubaliano ya Desemba mwaka huo ikaanza kuutawala ukanda wa pwani kwa jina la Sultani. Mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika ukanda huo. Tangu siku hiyo, aliyekaa Frere Town na aliyekaa shambani Kisauni walikuwa sawa mbele ya sheria. Makazi hayakuhamishwa, kanisa halikufungwa, watu waliendelea kuzaa na kuzikana palepale. Ila mpaka uliowafanya wawe watu wa aina yao haukuwapo tena.

Kusoma kitabu kutoka mpakani

Kitabu cha Mbotela kinasimulia kutekwa kwa watu wa bara, safari ya kuteremshwa pwani, jahazi, manowari na hatimaye maisha ya Frere Town. Waingereza wanasifiwa bila kiasi, na Waarabu wanabebeshwa lawama yote. Wahakiki wanaosema kwamba picha hiyo ina upande mmoja wanasema kweli. Watumwa wa pwani hawakumilikiwa na Waarabu peke yao. Waswahili waliwamiliki, na wakuu wa bara waliouza watu walikuwa Waafrika. Tena soko la pembe na karafuu, lililoifanya biashara hiyo ilipe, lilikuwa na wateja wake Ulaya, Marekani na Bara Hindi.

Udhaifu wa uhakiki huo ni kwamba unamhukumu Mbotela kana kwamba aliandika akiwa na nchi. Mwaka 1934 hakuwa nayo. Koloni la Kenya liligawa Waafrika kwa makabila, na kila kabila likapangiwa hifadhi yake. Ardhi, chifu na baraza la wenyeji vilifuata kabila. Mtu ambaye babu yake alikuwa Myao, nyanya yake Mmakua, naye amezaliwa Kisauni akizungumza Kiswahili na kuomba katika kanisa la Kiingereza, angeandikwa wapi? Mkamba alikuwa na Ukamba. Mgiriama alikuwa na kaya zake. Mswahili wa Mvita alikuwa na mtaa, msikiti na nasaba. Mtu wa Frere Town alikuwa na masimulizi ya manowari, na ndiyo hayo Mbotela aliyoyaandika. Hata misheni ilikuwa imekwisha kugeuza uso wake kuelekea bara, ambako reli ilikuwa imefungua njia. Chuo cha teolojia kilichokuwa Frere Town kilihamishiwa Limuru mwaka 1930.

Kwa hiyo sifa zile kwa Waingereza zinaweza kusomwa kama kitu kingine zaidi ya utiifu. Katika nchi ya mpakani, haki ya kukaa hutokana na yule aliyekuweka. Zeitz ya karne ya 10 isingeweza kujieleza bila kumtaja mfalme, na Frere Town nayo haikuweza kujieleza bila kumtaja Frere. Kumsifu mwokozi ni kumkumbusha kwamba ana deni la kuendelea kuokoa. Ukikisoma kitabu kwa sikio hilo, sehemu nyingi zinazoonekana kuwa shukrani zinasikika kama madai ya mtu anayewasilisha hati yake mahakamani.

Anwani yenyewe inathibitisha. *Uhuru wa Watumwa* ni kirai chenye mgongano ndani yake: mwenye uhuru si mtumwa, na mtumwa hana uhuru, lakini kihusishi *wa* kimewafunga pamoja, na uhuru umepewa wenyewe kuwa ni watumwa. Hakuna mtenda anayedokezwa. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1956 iliitwa *The Freeing of the Slaves in East Africa*. Hapo nomino ya hali imegeuzwa kuwa nomino ya tendo, na tendo lazima liwe na mtenda. Msomaji wa Kiingereza anajua tangu jaladani kwamba yuko aliyewaweka wengine huru. Katika Kiswahili, uhuru ni wao.

Lugha iliyobaki

Wapo wanaodhani kwamba Frere Town ilikuwa kisiwa cha Uzungu kisichohusiana na fasihi ya Mvita iliyokuwa ng'ambo. Dhana hiyo si sahihi. W. E. Taylor, aliyefika Mombasa mwaka 1880 akiwa mmisionari wa CMS hiyohiyo, ndiye aliyekusanya tungo za Muyaka bin Haji kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na bila kazi ya watu hao wawili *Diwani ya Muyaka* aliyoihariri Hichens mwaka 1940 isingepatikana kama ilivyo. CMS iliandika kwa Kimvita na kukitetea. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita cha misheni kilishindwa pamoja na Kimvita cha washairi. Mbotela alichapisha kitabu chake miaka sita baadaye.

Pale njia panda ya kwenda Nyali na Kisauni pamebaki mnara wa kengele, ambayo inasimuliwa kwamba ilipigwa kuwaonya watu hatari ikija. Jina la Frere liko kwenye ramani na kwenye shule. Lakini abiria wa matatu hashuki kwa Frere; hushuka Kengeleni, jina ambalo wenyeji walilitengeneza kwa nomino na kiambishi cha mahali.

Neno jingine limesafiri mbali zaidi. *Mwungwana*, katika jamii ya pwani ya karne ya 19, alikuwa kwanza mtu aliyezaliwa huru; kinyume chake kilikuwa mtumwa, na tabia njema ilikuja nyuma kama sifa iliyotarajiwa kwa mwenye hadhi hiyo. Mateka wa Frere Town angeweza kupewa hati, shamba, ubatizo na elimu, lakini uungwana kwa maana hiyo ya kale usingemfikia, kwa kuwa ulikuwa wa kuzaliwa nao. Tangu mwaka 1966 mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mwana wa James Mbotela na mzaliwa wa Frere Town, aliingia katika nyumba za Wakenya kwa redio na kwa miongo mingi akawauliza, kila alipotaja kituko cha mtu asiye na adabu: *Je, Huu ni Ungwana?* Alifariki Februari 2025. Aliyeuliza swali hilo alikuwa wa ukoo uliofika Kisauni kwa manowari, na wasikilizaji wake, wakiwemo wajukuu wa wenye mashamba, hawakuona ajabu kuhukumiwa naye.